Boti Mbili, Joyline Mmoja

Mzee Mayaka,
Duka la nyuma ya soko, Homa Bay,
Sanduku la Posta la Kanisa (nimeliazima).
Septemba, 1997.

Kwa Bwana Javan Wangwe,
Afisa wa Uvuvi,
Homa Bay.

Ndugu Afisa,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YAKO KUHUSU BOTI MBILI ZA STAREHE NA BINTI MMOJA

Pokea salamu zangu pamoja na heshima yote iliyobaki. Nyingine niliimaliza kwa Chifu na kwa Mchungaji wetu wa Sabato kabla sijafika kwako, halafu wewe ukanimalizia subira, kwa hivyo leo naandika nikiwa na wino tu.

Mimi ni Mzee Mayaka, yule anayeuza sukari, mafuta ya taa na nyuzi za kushonea nyavu. Mtu wa Kisii, mtoto wa milimani, lakini nimekaa hapa ziwani mpaka mbu wakinikuta wananipita wakisema huyu ni wetu. Shule niliachia darasa la nne, au tuseme tuliachana kwa amani. Ukiona neno limekaa upande, lisogeze polepole, usilicheke.

Najua watu wa serikali huanza kusoma barua kwenye sahihi, waone kama aliyeandika ni mkubwa, ndipo warudi juu. Sasa umeshaona mimi si mkubwa. Rudi juu tu, Bwana Wangwe. Mambo yalianza hivi.

Binti yangu wa mwisho, Joyline, ndiye anayekaa dukani, na ndiye mtu pekee katika ukoo wetu anayepima sukari bila kuiba wala kuibiwa. Mwaka huu ametakiwa na vijana wawili kwa mpigo. Wa kwanza ni Jacktone, wakala wa samaki wa mbuta kule kisiwani Remba. Wa pili ni Barnabas wa Awendo, mwenye trekta la kubeba miwa. Wote ni vijana wazuri, wana afya, wana meno, na kila mmoja ana mshenga anayejua kusema uongo kwa adabu. Washenga wakaja, wakaketi, wakauliza nataka ng'ombe gani.

Nikawaambia sitaki ng'ombe. Ng'ombe nimeshawaona. Nilipomwoza dada yake Joyline, yule Bitutu, nililetewa ng'ombe wazuri sana. Kabla hawajazoea harufu ya boma, mjomba wa bibi harusi akaja kuchukua wake, kama desturi. Kaka yangu akakumbuka kwamba mimi nilikula wa binti yake. Mmoja akaingia shamba la jirani akala mahindi, nikaenda barazani kwa Chifu. Mwingine akazaa, ikazuka kesi ya ndama ni wa nani. Waliobaki wakachukuliwa na ugonjwa, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya boma na fimbo mkononi, nikichunga nzi.

Kwa hivyo nikasema wazi: anayemtaka Joyline aniletee boti ya starehe. Si ya kuvulia. Ile ndogo ya injini ambayo wazungu wa kisiwani Takawiri hukalia wakiwa wamevaa miwani myeusi, hawavui, hawabebi mchanga, hawaendi popote, wanazunguka tu mpaka chai iive. Boti haina mguu wa kumkatia mjomba. Boti haiingii kwenye mahindi ya mtu. Boti haizai, kwa hivyo haina kesi ya ndama. Nilifikiri nimewashinda wote kwa akili. Nikaapa mbele ya wazee kwamba boti itakayokuwa bora, mwenyewe ndiye atakayemchukua Joyline.

Sasa hoteli moja ya kisiwani ilikuwa imefunga milango na ilikuwa na boti mbili tu. Jacktone akanunua moja. Barnabas akanunua iliyobaki. Zilipoletwa hapa ufuoni nikaona zimetoka tumbo moja.

Afisa, nisikilize. Moja ni nyeupe yenye mstari wa buluu. Nyingine ni ya buluu yenye mstari mweupe. Zote ni za faiba, zote zina viti laini vinavyokukamata mapaja ukitaka kuinuka. Ya Jacktone huwashwa kwa kuvuta uzi. Ya Barnabas huwashwa kwa ufunguo, lakini ufunguo ukikataa, na hukataa, nayo huvutwa uzi. Ya Jacktone ina tundu la kuwekea kikombe mkono wa kulia. Ya Barnabas tundu liko mkono wa kushoto. Ya Barnabas ina ngazi ndogo nyuma ya kuteremkia majini ukaoge. Ya Jacktone haina ngazi, ina turubai la kuzuia jua. Mzee Orina, ambaye ni mshauri wangu, alipoiona ile ngazi aliuliza kama mamba naye amekatazwa kuipanda.

Nilizipanda zote mbili, tukaenda mpaka karibu na gati na kurudi. Katika ya Jacktone nilitapika upande wa kulia. Katika ya Barnabas nilitapika upande wa kushoto. Hata tumbo langu halikuona tofauti nyingine.

Basi nikaanza kutafuta mwamuzi. Chifu akasema boti si shamba, yeye ni wa mipaka. Mchungaji akasema ndoa ni yake lakini injini si yake, na akaniombea. Nikaja kwako. Na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza, nayo ni haya:

1. KWAMBA ULIKATAA KUCHAGUA. Nilikuja ofisini kwako nimevaa koti la kanisani. Nikakueleza yote, na kwamba ukitaja boti umetaja mume. Nikakuona umekunja uso kama mtu aliyeumwa na jino. Ukaniambia, "Mzee, ofisi hii ni ya samaki. Boti isiyovua si yangu." Sawa. Nikainuka. Nikafika mlangoni. Ndipo ukaniita tena ukauliza, kwa sauti ya chini, huyo binti mwenyewe amesema anapenda ipi. Nikakuambia hatujamuuliza, yeye ndiye anayeozwa. Ukasema basi itabidi uje kukagua.

Je, Afisa, kama boti si zako, ulikuja kukagua nini? Na ulipomaliza, kwa nini ulirudi? Na uliporudi, kwa nini ulirudi tena? Majirani wameanza kuuliza kama duka langu limeanza kuuza samaki haramu.

2. KWAMBA UKAGUZI WENYEWE HAUKUWA WA KITAALAMU. Nilikuwa nimekaa nyuma ya magunia ya chumvi, si kwa kuchungulia, ila ndipo kiti changu kilipo. Uliinama juu ya injini ya Jacktone ukaiangalia kwa muda mfupi kuliko mtu anavyoangalia saa. Halafu ukamgeukia Joyline, ambaye nilikuwa nimemtuma akushikie mwavuli kwa sababu ya jua. Ukamuuliza kama ameshapanda boti hizo. Akasema hajapanda na hatapanda, yeye anaogopa maji.

Ukamwambia, "Mimi pia."

Bwana Wangwe! Wewe ni Afisa wa Uvuvi wa ziwa zima. Serikali imekupa ofisi inayotazama maji, imekupa kofia, na unamwambia mwananchi wa kawaida kwamba unaogopa maji? Tena unasema huku unacheka? Ningekuwa samaki ningeandamana. Tangu siku hiyo Joyline anapima sukari huku anatabasamu na gunia, na wateja wanafikiri bei imeshuka.

3. KWAMBA ULINYAMAZA WAKATI WA KUKAGUA KWA WAZEE. Unajua, maana ni desturi yetu na yenu Wakuria pia, kwamba mahari haipokelewi kabla wazee hawajaikagua. Wazee huenda, humzunguka mnyama, humtazama jino, humgusa nyonga, humfanya atembee waone kama anachechemea. Mzee Orina ndiye mkaguzi wetu, na macho yake siku hizi yanaona asubuhi tu. Alikuja mchana.

Aliipapasa ile ya Jacktone kuanzia mbele mpaka nyuma akasema imeshiba. Akafika kwenye feni ile ya nyuma inayosukuma maji, akaishika, akasema mkia ni mfupi. Akauliza jino. Barnabas kwa kutaka kumfurahisha akamfungulia kifuniko cha injini ya boti yake, Orina akaingiza mkono akatoka na grisi mpaka kiwiko, akatangaza kwamba hii bado haijabadilisha meno. Halafu akataka zitembee. Zikavutwa nchi kavu juu ya magogo, vijana wa ufuo wakazisukuma kwenda na kurudi mbele ya wazee, na Orina akiwa amelaza sikio kusikiliza kwato.

Wewe ulikuwepo. Ulikuwa umesimama pale pale na kofia yako. Neno moja tu kutoka kwa serikali lingetosha kutuokoa na kicheko cha wavuvi. Lakini ulikuwa umeshughulika kumbebea Joyline karai la dagaa wa omena kutoka ufuoni mpaka dukani, karai ambalo yeye hulibeba kwa mkono mmoja kila siku ya Mungu.

Nitaongeza jambo hapa ingawa halikuhusu. Siku hiyo Joyline aliwapa Jacktone na Barnabas chai. Jacktone alikuwa anamweleza Barnabas kwamba injini yake hunywa petroli kidogo. Barnabas alikuwa anamweleza Jacktone kwamba yake ikifika katikati ya ghuba huinua pua juu. Wakavutana mpaka chai ikapoa. Hakuna hata mmoja aliyeinua macho kuona nani amewawekea kikombe. Kisha wakaenda kupaka majina. Jacktone akaandika JOYLINE kwenye boti yake. Barnabas akaandika JOYLINE HALISI. Jacktone akarudi na brashi akaongeza JOYLINE HALISI KABISA. Barnabas akaishiwa na nafasi, akalia.

5. Hili la tano naliweka kabla ya la nne kwa sababu linaniuma zaidi. KWAMBA UMEMWONEA AIBU MKE WANGU.

Hapa naomba usome ukiwa umekaa. Kwetu Kisii, na kwenu Ukuria ni hivyo hivyo, mkwe wa kiume humwogopa mama mkwe kwa heshima. Wakikutana njiani, kijana ndiye anayeacha njia. Hamwangalii usoni, hali naye, haingii jikoni kwake hata nyumba ikiungua. Hiyo ni heshima ya mkwe, na mtu ambaye si mkwe haihitaji. Daktari wa mifugo huingia jikoni kwa mke wangu Kemuma akajipakulia ugali. Mtu wa kusoma mita ya umeme humwita Mama Bitutu na kumwomba maji ya kunywa.

Sasa wewe. Wiki iliyopita Kemuma alikuwa anatoka sokoni na kikapu cha ndizi. Ukatokea mbele juu ya baisikeli ya serikali. Ulipomwona ukashuka, ukaingia kwenye majani mpaka kiunoni na baisikeli yako, ukageuza uso ukautazama mwiba mmoja kwa makini mpaka akapita. Ulipoalikwa chai nyumbani ulisikia sauti yake jikoni ukahamisha kiti chako nje, mvua ikiwa inanyesha. Kemuma alirudi akaniuliza, "Huyu kijana wa samaki ana nini?" Mimi nikasema labda ni ugonjwa wa shingo.

Nionyeshe, Afisa, ni sheria gani ya uvuvi inayomtaka ofisa kuingia majanini akimwona mama wa watu. Kama ipo, ipigwe muhuri, niibandike dukani.

4. KWAMBA KAMBA ZILICHUKULIWA MBELE YA MACHO YAKO. Haya ndiyo makubwa, na hapa ndipo hasara ilipoingia.

Vijana walikubali boti zote mbili zilale ufuoni kwangu ili nizilinganishe vizuri. Jioni wakazifunga kwa kamba kwenye mti. Mzee Orina akakasirika. Akasema, tangu lini mnyama akaachwa kwa wakwe na kamba yake? Na kweli, kwetu anayetoa ng'ombe hurudi nyumbani na kamba. Akiiacha, ameacha bahati yake ya mifugo yote, na boma lake litakauka. Barnabas aliposikia habari za bahati kukauka akafungua kamba yake upesi akaizungushia begani. Jacktone, ambaye haamini mambo hayo, akasema haamini mambo hayo, akafungua yake pia.

Wakaondoka, kila mtu na kamba yake. Mimi nikaona desturi imetimia, nikaingia ndani.

Asubuhi, ufuo mtupu.

Upepo ulikuwa umezichukua zote mbili zikaingia kwenye haya magugu maji ambayo mwaka huu yamefunika ghuba mpaka ng'ombe wa watu wanafikiri ni malisho. Magugu yakazipokea, yakajifunga. Mpaka leo ninavyoandika ziko kule, mbali, zimekaa katikati ya kijani kibichi kama vifaranga wawili kwenye sukuma wiki. Mtumbwi haupenyi. Mtu hawezi kutembea juu yake, Jacktone amejaribu, akatoka na chura. Majina hayasomeki kutoka hapa. Na kwa sababu moja ni nyeupe yenye buluu na nyingine ni buluu yenye nyeupe, na jua la ziwa unalijua, asubuhi hii ni ya Jacktone na jioni ni ya Barnabas.

Wewe ni mtu wa boti. Ulijua boti bila kamba huondoka. Ulikuwa hapo hapo, umekaa juu ya ngazi ya duka, unamshikia Joyline uzi wa nyavu auzungushe kwenye kijiti. Nilikuona ukiinua kichwa kamba zilipofunguliwa. Nilikuona ukifungua mdomo. Halafu nikakuona ukiufunga.

Kwa nini uliufunga, Bwana Wangwe?

6. KWAMBA KWA HIVYO KOSA LOTE NI LAKO. Nimelifikiria jambo hili nikiwa nimelala, nikiwa nimekaa, hata kanisani wakati wa mahubiri, na linakwenda hivi. Ziwa liko chini ya ofisi yako. Magugu yako ndani ya ziwa, kwa hivyo magugu ni yako. Magugu ndiyo yaliyozikamata boti, kwa hivyo wewe ndiye uliyezikamata boti. Boti hizo ni mahari ya Joyline. Basi wewe umeshika mahari ya Joyline, tena mara mbili. Mimi ni baba yake na sijashika kitu. Mwenye kushika mahari ya msichana ni baba yake, na wewe si baba yake, maana mimi nipo. Sasa wewe ni nani? Nimeuliza wazee, wamekohoa. Sipendi kuimalizia hesabu hii, wewe umesoma kuliko mimi.

Kutokana na hayo yote, naomba kwa unyenyekevu mambo yafuatayo, na naomba yafanyike kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili washenga wote wawili wanakuja kusikia uamuzi, na kiapo nilichoapa hakirudi kinywani.

Kwanza, ung'oe magugu yote kuanzia Homa Bay. Ukichoka unaweza kupumzika ukifika Uganda.

Pili, kama hutang'oa, uandike barua kwa mkono wako mwenyewe, upige muhuri wa ofisi, useme boti bora ni ipi. Usiandike maelezo. Usiandike habari za tundu la kikombe. Andika jina moja tu: JACKTONE au BARNABAS. Nitaisoma mbele ya watu wote, na huyo ndiye atakayeondoka na Joyline. Tutakuita harusini, utakaa na wageni wa serikali, utapewa soda.

Tatu, kama hutaki kung'oa na hutaki kuandika, basi nitaomba wakubwa wako wakuhamishe. Nimesikia kule Wajir hawana ofisi ya uvuvi kwa sababu hawana maji. Nitasema wafungue moja kwa ajili yako. Utahesabu samaki wa mchangani, hutaogopa kuzama, na hapatakuwa na karai la mtu la kubeba.

Nne, baisikeli yako irekebishwe kengele. Ikikaribia duka hailii, lakini Joyline huisikia.

Sina ubaya na wewe. Mimi ni mzazi tu anayetaka haki, na boti.

Naomba unifikishie salamu kwa karani wako, kwa yule mlinzi anayelala vizuri, kwa mama anayepika chapati mbele ya ofisi, na kwa samaki wote walio chini ya mamlaka yako, wakubwa kwa wadogo, hata wale ambao hawajafikisha ukubwa wa kuvuliwa. Mzee Orina anakusalimu, anasema ukipata grisi ya kutoa grisi umletee. Kemuma anakusalimu, lakini amegeuka upande ninapoandika, kwa hivyo na yeye nadhani ameshikwa na ule ugonjwa wa shingo.

Wako katika kusubiri jibu lenye muhuri,

Mzee Mayaka
(mwenye duka, mwenye binti, asiye na boti)

N.B. Hayo ya juu niliyaandika jana. Leo asubuhi upepo umegeuka na magugu yamefunguka yenyewe, bila msaada wa ofisi yako. Boti zimerudi zikielea pole pole mpaka ufuoni. Jacktone na Barnabas walipoitwa walikuja mbio, kila mtu akarukia iliyo karibu, wakavuta uzi, wakaondoka wakishindana mpaka tukawasikia tu hatuwaoni. Adhuhuri washenga wao wamekuja pamoja, wameshikana mikono. Wanasema vijana wanaomba radhi sana, lakini wamezizoea boti na hawawezi kuachana nazo, na kama ni lazima kuacha kitu kimoja, basi. Hawakukitaja hicho kitu. Niliwasamehe upesi mpaka nikaona haya, na kiapo changu kimekufa kwa kukosa boti.

Kwa hivyo hakuna tena cha kuchagua. Barua nimeiacha ilivyo kwa sababu nataka uipitie mpaka pale nilipokuambia uandike jina moja. Kama ulipofika hapo mkono wako ulianza kuandika, choma barua hii ubaki na samaki wako, mimi sitauliza tena. Kama mkono ulikataa, usinijibu. Tuma wazee.

Joyline hajui lolote kuhusu barua hii. Yeye amenisahihishia herufi tu, na amesema wazee wako waje Jumapili ile ile, kwa sababu mchele umeshanunuliwa na Jumamosi ni Sabato.

Na yale niliyoyasema juu ya mahari, yafute yote. Waambie kwenu walete ng'ombe, na wengi wao wawe majike. Boti haizai, mwanangu.